Turiani ilivyowalisha Yanga na Simba mabeki wanaopanda, na sasa Stars inamsaka mrithi wa Kapombe

MECHI mbili za kwanza za Taifa Stars kwenye CHAN ya Agosti 2025 zilitoa mabao matatu. La kwanza lilikuwa penalti ya Abdul Suleiman 'Sopu'. Mawili yaliyobaki yalifungwa na mabeki wa pembeni.

Agosti 2 dhidi ya Burkina Faso, namba tatu Mohamed Hussein 'Zimbwe Jr' alipanda akapiga kichwa, ikawa 2-0. Siku nne baadaye, Mauritania wakiwa wameshajua pointi moja ni yao, Shomari Kapombe akajikuta ndani ya boksi dakika ya 89. Swali la kujiuliza ni namba mbili alikuwa anafanya nini ndani ya boksi dakika ya 89. Jibu ni kwamba alikuwa anafunga. Kwa Mkapa kulilipuka, Stars ikapata pointi sita, na safari ya robo fainali ikawa imeiva kabla hata ya mechi na Madagascar.

Stars ilikuja kutolewa na Morocco kwa bao 1-0, lakini mashindano yale yaliacha ushahidi wa jambo ambalo wapenzi wa soka nchini hawalizungumzi sana. Silaha ya timu hii, ukiacha straika na winga, ni mabeki wa pembeni. Wakati huo Kapombe alikuwa na miaka 33. Alizaliwa Morogoro Januari 28, 1992, maana yake AFCON ya Morocco ilipomalizika Januari 18, 2026, alikuwa amebakiwa na siku kumi tu kutimiza 34. Anayefuata ni nani?

Ukilijibu swali hilo kwa kufuata historia, huanzii Msimbazi wala Jangwani. Unapanda gari la barabara ya Morogoro–Dodoma, ukifika Magole unakata kulia, unafuata lami mpaka uanze kuona miwa pande zote mbili na milima ya Nguru mbele yako. Hapo ndipo Turiani, nyumbani kwa Mtibwa Sugar, Wakata Miwa wa Manungu. Timu ya kiwanda cha sukari, iliyoanzishwa 1988, bingwa wa Bara mara mbili mfululizo 1999 na 2000, bingwa wa Kombe la FA 2018. Msimu wa 2023/24 ilishuka daraja baada ya kukaa Ligi Kuu zaidi ya miaka 20 bila kukatika. Msimu wa 2024/25 ikachukua ubingwa wa Championship, ikarudi Ligi Kuu.

Watu wengi wanaikumbuka Mtibwa kwa viungo na washambuliaji iliyowatoa. Shiza Kichuya alitokea pale, Muzamiru Yassin alitokea pale, na Mussa Hassan Mgosi pia. Lakini orodha inayoshangaza ni ya mabeki wa pembeni. Mecky Maxime. Juma Abdul. Hassan Kessy. Issa Rashid 'Baba Ubaya'. Nickson Kibabage. Kibwana Shomari. Hao wote ni mabeki wa pembeni waliovaa jezi ya Mtibwa, na isipokuwa Mecky, wote walikuja kuvaa jezi ya Simba au Yanga.

Kapombe mwenyewe hakupita Manungu, tuweke hilo sawa. Yeye ni zao la mkoa huohuo lakini kwa njia ya Polisi Morogoro, akaenda Simba 2011, AS Cannes ya Ufaransa 2013, akarudi Azam 2014 na kisha Simba tena 2017. Ni mtoto wa jirani, si wa nyumba hii.

MECKY ALIKUWA WA KWANZA

Kila ukoo una babu. Ukoo huu babu yake ni Mecky Maxime, beki wa kulia aliyekuwa nahodha wa Mtibwa na baadaye nahodha wa Taifa Stars enzi za Mbrazil Marcio Maximo. Tafakari jambo hilo kidogo. Kwa nchi ambayo unahodha wa timu ya taifa mara nyingi hunukia Simba na Yanga, kitambaa alikivaa beki anayelala Turiani.

Alipostaafu hakwenda mbali. Alichukua timu hiyohiyo kama kocha, akakaa nayo hadi 2016 alipokwenda Kagera Sugar. Kessy alikulia mikononi mwake. Hapa hakuna uchawi wowote. Kocha aliyecheza namba mbili maisha yake yote anaijua kazi hiyo kwa miguu. Anajua lini beki apande, na zaidi anajua lini asipande. Kwenye timu nyingi za mikoani namba mbili ni mahali anapofichwa mchezaji asiyejua kupiga pasi, kwa sababu akikosea pale madhara ni madogo kuliko akikosea katikati. Mtibwa haikufanya hivyo. Vijana wake wa pembeni walikuwa wanafika mjini tayari wanajua kumwaga majaro.

JUMA ABDUL, BEKI ALIYEWAPIKU MASTRAIKA

Mfano mzuri kuliko yote ni Juma Abdul. Yanga ilimchukua kutoka Mtibwa 2012. Hakuwa na mbwembwe, hakuwa na mwili wa kutisha. Alikuwa na mguu wa kulia.

Msimu wa 2015/16 Yanga ilibeba Ligi Kuu na Kombe la FA, ikaingia na makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kikosi kilijaa majina: Donald Ngoma, Thabani Kamusoko, Haruna Niyonzima, na Amissi Tambwe aliyemaliza kinara wa mabao kwa kufunga 21. Tuzo ya Mchezaji Bora wa Ligi Kuu msimu huo ikaenda kwa nani? Juma Abdul. Namba mbili.

Sio bahati nasibu. Tambwe hakuwa straika wa kukimbia na mpira kutoka katikati ya uwanja. Alikuwa mtu wa boksi, mtu wa kichwa, anayehitaji mpira utoke pembeni ukiwa na kasi na kipimo. Mpira huo ulikuwa unatoka kulia. Yanga ya Hans van der Pluijm ilikuwa inamwacha winga wake wa kulia aingie ndani, beki wa upande ule anakwenda naye, na nyuma yao Juma Abdul anapata njia nyeupe. Hakuwa anakimbia mpaka kwenye kibendera kila mara. Mara nyingi alipiga akiwa usawa wa boksi, kabla mabeki hawajajipanga, na hapo ndipo ubora wake ulipokuwa. Krosi ya mapema ni ngumu kuliko ya mwisho wa chaki, kwa sababu mpigaji anapaswa kuamini kwamba mwenzake atakuwepo kabla hajamwona.

Nyuma yake kulikuwa na watu wa kuziba. Kamusoko alikuwa anarudi, na Mbuyu Twite alikuwa anacheza kila mahali palipovuja. Bila hao, beki anayepanda vile ni mzigo kwa timu. Mashabiki wanaopiga kelele "beki hakabi!" huwa hawaangalii kama kiungo mkabaji ameshuka kuziba au yupo anatembea.

Agosti 2020 safari yake Jangwani ikaisha, akaachana na Yanga pamoja na Kelvin Yondani. Na dirisha hilohilo Yanga ikasajili beki wa kulia mwingine. Ilimtoa wapi? Turiani. Alikuwa Kibwana Shomari.

KESSY NA PASI ILE YA NYUMA

Hassan Ramadhan Kessy ndiye aliyekuwa na kipaji kikubwa cha kushambulia kuliko wote, na ndiye aliyelipa bei kubwa. Simba ilimchukua kutoka Mtibwa, na ndani ya muda mfupi upande wa kulia wa Simba ukawa wake. Kasi, chenga, krosi, mashuti. Alikuwa winga aliyeandikwa beki.

Kisha ikaja Februari 20, 2016. Watani wa jadi, Uwanja wa Taifa, Kessy akamrudishia kipa mpira ambao haukufika. Donald Ngoma akaunasa, akafunga. Yanga ilishinda 2-0, Tambwe akiongeza la pili. Mechi ya watani haina msamaha. Beki anaweza kupiga krosi 100 nzuri msimu mzima, watu wakamkumbuka kwa pasi moja ya mita kumi. Mbaya zaidi, msimu uliofuata Kessy akavuka barabara na kwenda Yanga, jambo lililozua mvutano wa mkataba kati ya klabu hizo mbili hadi ukafika TFF. Kwa nusu ya nchi maneno ya vijiweni yakawa yamepata mafuta.

Kisoka, kosa lile lilieleweka. Beki wa aina ya Kessy akili yake yote ipo mbele. Anapopewa mpira akiwa ameelekea lango lake mwenyewe, ndipo anapokuwa dhaifu, na hakuna timu iliyomjengea njia ya kutokea pale. Ilikuwa "Kessy, panda", na mambo mengine atajua mwenyewe.

Yanga ikajikuta ina mabeki wawili wa kulia waliotoka timu moja ya kiwanda cha sukari, Juma Abdul na Kessy, mmoja akicheza mwingine anakaa.  Mwaka 2018 Kessy alikwenda Nkana ya Zambia, na Desemba mwaka huo akakutana na Simba kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Nkana ikashinda 2-1 Kitwe, Simba ikalipa 3-1 Dar na kufuzu. Mwaka uliofuata Kessy alikuwa kwenye kikosi cha Stars kilichokwenda AFCON ya Misri, ya kwanza kwa nchi hii tangu 1980. Kapombe hakuwepo, alikuwa amevunjika kifundo cha mguu kwenye kambi ya Stars Afrika Kusini Novemba 2018.

Zingatia hilo. Namba mbili wa kwanza wa nchi alipoumia, nchi iligeuka ikamkuta mtu mwingine wa Morogoro.

KUANZIA WATANO MPAKA 12

Sasa kwa nini hali imebadilika? Maelezo ya vijiweni ni kwamba vijana wa sasa hawajitumi. Maelezo hayo hayana miguu. Kilichobadilika ni hesabu ya wageni.

Wakati Yanga inamchukua Juma Abdul, klabu iliruhusiwa wageni watano. Ukiwa na nafasi tano, huwezi kumpa mgeni namba mbili. Unampa straika, kiungo, labda beki wa kati. Beki wa pembeni lazima awe Mtanzania, na klabu kubwa zikawa zinazunguka mikoani kumtafuta. Turiani ikawa sokoni. Mwaka 2015 wakawa saba, baadaye kumi, na leo ni 12. Ukiwa na 12, una straika wako wawili, viungo wako wanne, na bado chenji inabaki.

Angalia pembeni mwa Yanga tangu 2021. Djuma Shaban alitoka AS Vita ya Kinshasa, akaletwa Joyce Lomalisa, akafuata Yao Kouassi kutoka ASEC Mimosas, kisha Chadrack Boka kutoka Lupopo. Na sio kwamba ni wabovu. Djuma ndiye aliyefunga penalti ya Algiers dhidi ya USM Alger kwenye fainali ya pili ya Shirikisho 2023, Yanga ikashinda 1-0 na kulikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Klabu haiwezi kulaumiwa kwa kusajili mtu wa kiwango hicho.

Ila mtu aliyelipa ni Kibwana Shomari. Msimu wa 2021/22 Yanga ilibeba ligi bila kupoteza mchezo, na Kibwana alikuwamo. Alicheza wapi? Kushoto. Kulia kulikuwa na Djuma. Beki wa mguu wa kulia anayechezeshwa namba tatu anaweza kukaba vizuri sana, na Kibwana alikaba kweli kweli. Lakini akipanda, kila mara anapaswa kuukata mpira urudi ndani kabla ya kuupiga. Sekunde hiyo moja ndiyo tofauti kati ya majaro ya Juma Abdul na pasi ya kurudi kwa kiungo. Kijana aliyekuja kuwa mrithi wa Juma Abdul akageuzwa kuwa fundi wa kuziba mianya. Kushoto akimaliza, anarudishwa kulia Yao alipoumia. Miaka mitano Jangwani, medali anazo, lakini nafasi yake mwenyewe hajapewa kwa msimu mzima akaambiwa "hii ni yako".

Kibabage naye ana hadithi inayofanana ila imeanzia mbali zaidi. Yeye na Kibwana ndio waliokuwa mabeki wa pembeni wa Serengeti Boys iliyokwenda AFCON ya vijana chini ya miaka 17 Gabon 2017, Kibwana kulia na Kibabage kushoto, Dickson Job katikati. Timu ile ilitoka sare na Mali, ikaifunga Angola 2-1, ikafungwa na Niger 1-0. Watatu wote wamepita Mtibwa na wote watatu wamefika Yanga. Katikati ya hapo, Kibabage alikwenda Difaâ El Jadidi ya Morocco alikokuwepo Simon Msuva, akarudi, akapita Singida, akatua Jangwani 2023. Ni namba tatu wa mguu wa kushoto halisi, anayeweza kucheza hadi winga. Na bado aliikuta nafasi ikiwa na Lomalisa, na Lomalisa alipoondoka akaja Boka.

Upande wa Simba hali ilikuwa tofauti kidogo. Wao kwa miaka waliishi na Kapombe kulia na Zimbwe kushoto, Watanzania wote wawili, na wakafika nao fainali ya Shirikisho Mei 2025 dhidi ya RS Berkane. Ndiyo maana CHAN ilipofika, Stars ilikuwa na mabeki wawili waliozoeana kwa miaka. Zimbwe sasa amehamia Yanga. Jozi imevunjika.

PESA HAIFIKI MANUNGU

Juni 2025 Ureno ilibeba Ligi ya Mataifa ya Ulaya kwa kuifunga Hispania kwa penalti. Mchezaji bora wa fainali zile alikuwa Nuno Mendes, beki wa kushoto, aliyefunga bao la kwanza la Ureno kwenye fainali. Wiki moja kabla, akiwa na PSG, alikuwa amebeba Ligi ya Mabingwa kwa kipigo cha 5-0 kwa Inter, bao la kwanza likifungwa na beki wa kulia, Achraf Hakimi. Mendes ni zao la akademi ya Sporting Lisbon, na PSG ilimnunua kwa takriban euro milioni 40. Ureno inatoa mabeki wa aina hii kila baada ya miaka michache, João Cancelo naye alitokea Benfica, na kila anapouzwa mmoja, klabu iliyomkuza inapata pesa ya kukuza watatu.

Mtibwa haina mzunguko huo. Mchezaji akimaliza mkataba anaondoka bure. Fidia ya mafunzo ya FIFA inahusu uhamisho unaovuka mpaka wa nchi, kwa hiyo kijana wa Turiani akienda Kariakoo, kanuni hiyo haimlipi mtu. Mwaka 2016 pekee, dirisha moja, Kichuya, Muzamiru na Mohamed Ibrahim walikwenda Simba, na Andrew Vincent 'Dante' akaenda Yanga. Wanne kwa mpigo. Miaka miwili baadaye timu ikabeba Kombe la FA, Januari 2020 ikaifunga Simba 1-0 na kubeba Mapinduzi, timu yake ya vijana chini ya miaka 20 ikabeba ubingwa wa taifa zaidi ya mara moja. Halafu miezi michache baada ya Mapinduzi akaondoka Kibwana, Januari iliyofuata akaondoka Job. Miaka mitatu baadaye ikashuka. Huwezi kuuza milango ya nyumba kila mwaka ukashangaa mvua ikiingia.

Viongozi wa Mtibwa nao hawakwepi hapa. Klabu inayojua kabisa kwamba bidhaa yake ni vijana haipaswi kumfikisha kijana kwenye miezi sita ya mwisho ya mkataba. Nuno Mendes alipouzwa hakuwa anamaliza mkataba. Kumwongezea beki wa miaka 19 miaka mitatu ni gharama, ndiyo, lakini ni ndogo kuliko kumwona amekuwa Mchezaji Bora wa Ligi akiwa na jezi ya mwingine bila wewe kuambulia hata jozi ya viatu vya mazoezi. Na kipengele cha asilimia ya mauzo ya baadaye hakihitaji kanuni mpya ya TFF. Kinahitaji kuandikwa tu kwenye mkataba siku ya kuuza.

Kwa Stars, hesabu ni ya haraka zaidi. Ukimwondoa Kapombe, kulia kuna Israel Mwenda wa Yanga, kuna Lusajo Mwaikenda wa Azam anayecheza pia beki wa kati, na kuna Kibwana. Mwenda ndiye anayeshambulia zaidi kati yao, ana mguu mzuri wa mipira iliyokufa.  Kocha wa Stars wakati wa CHAN, Hemed Suleiman 'Morocco', alikuwa na haki ya kumtumia aliyemwamini. Ila kila dakika anayocheza Kapombe wakati mechi imeshaisha ni dakika aliyonyimwa mrithi.

Kundi la Stars kwenye AFCON hiyo lilikuwa na Nigeria, Tunisia na Uganda. Mechi ya kwanza ilikuwa Desemba 23, 2025, Fes, dhidi ya Nigeria. Mchezaji Bora wa Afrika 2024, Ademola Lookman, huanzia kushoto. Yaani mbele ya namba mbili wetu.